Goti la Mtambo wa Bi Helmi

Siku ya Jumatatu fundi alipanda ngazi za nyumba ya Bi Helmi katika mji wa Oulu, kaskazini kabisa ambako theluji hukaa nusu ya mwaka, akabadilisha goti la kulia la mtambo wa nyumbani. Lilikuwa goti la pili kubadilishwa mwezi ule. Alilijaribu mara arobaini, likakunjika na kukunjuka kama goti la askari kwenye gwaride. Akasaini karatasi, akaenda zake.

Jumanne saa tatu asubuhi mtambo ulimpelekea Bi Helmi chai. Ulipofika mbele ya kiti chake, lile goti jipya likakunjika tena.

Zaidi ya kilomita elfu saba kutoka hapo, ndani ya ghala la zamani la pamba mjini Maswa, msichana aitwaye Nkwimba aliinuka taratibu akiwa ameshika kikombe kisichokuwepo. Alikumbuka, baada ya jambo kwisha, kwamba alikuwa ameahidi kutolifanya.

"Nkwimba," sauti ya Mzee Luhende ilisikika nyuma yake. "Ukimaliza hapo, vua miwani uje."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanafunzi alivaa koti lililomshika mwili mzima, akavaa glavu na miwani mizito, kisha akasimama ndani ya mraba uliochorwa sakafuni kwa rangi nyeupe. Akiinua mkono, mtambo ulioko ng'ambo uliinua mkono. Akipiga hatua, nao ulipiga hatua, na katikati ya hatua hizo mbili hapakuwa na muda wa mtu kupepesa jicho. Kampuni iliyoitwa Nadhifu ilikodisha mitambo hiyo kwa wazee wanaoishi peke yao, na iliwaambia kwamba mtambo unafikiri wenyewe. Hakuna jicho la mtu ndani yake, ndivyo tangazo lilivyosema, na kwa ahadi hiyo wateja walilipa mara mbili. Ukweli ni kwamba mitambo ya kufikiri yenyewe ilikuwa imejaribiwa ikavunja vikombe vingi mno. Ilikuwa nafuu kukodi wanafunzi wenye saa mbili tatu za mapumziko kati ya somo na somo.

Kwa hiyo kila mwanafunzi aliapa kutojidhihirisha. Hata sauti yake haikufika ng'ambo. Alikuwa na kauli ishirini na nne zilizorekodiwa, ambazo alizichagua kwa kidole gumba ndani ya glavu. Kauli namba moja ilikuwa "Habari za asubuhi." Namba kumi na mbili ilikuwa "Chai iko tayari." Namba saba, ambayo kila mtu pale ghalani aliijua hata usingizini, ilikuwa "Mimi ni mtambo wa nyumbani. Nikusaidie nini?" Hiyo ilikuwa ya mteja anayeuliza kama kuna mtu ndani.

Nkwimba alivua miwani akamwendea msimamizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Na usinipigie goti, leo nina hasira."

Alikuwa ameshalipiga.

Mzee Luhende alitikisa kichwa, akainua kishikwambi chake mbali na uso, maana miwani yake ya kusomea aliisahau nyumbani kila siku ya Mungu. "Hitilafu ya goti, mara kumi na moja. Wamebadilisha goti la yule mtambo mara mbili, mwanangu. Mara mbili wamepeleka fundi kwenye theluji. Kumbe goti lenye ugonjwa liko hapa Maswa."

"Linakunjika lenyewe, baba. Nikimpa mtu mzima kitu mkononi, sijui hata limeanza saa ngapi."

"Bado. Hitilafu ya shingo, mara tisa."

"Shingo nayo imefanya nini?"

"Mteja akivaa nguo, mtambo hugeukia ukuta."

Nkwimba alimtazama. "Sasa ulitaka nimwangalie?"

Mzee Luhende alikohoa. "Mimi sijataka kitu. Kampuni ndiyo inataka mtambo unaotazama mbele. Wameshaagiza shingo mpya."

Kwenye mraba wa jirani, Sayi, aliyekuwa akikata nyasi za bustani moja huko ng'ambo, alicheka mpaka akapitisha mashine juu ya maua ya wenyewe. "Kesho wataagiza na kiuno," alisema, "maana shoga yangu akianza kufagia, anafagia kwa mwendo wa ngoma."

"Sayi, kata nyasi," alisema Mzee Luhende. Kisha akashusha sauti. "Nisikilize, binti. Wakigundua kwamba si goti, watajua ni wewe. Watafunga akaunti yako, hilo ni lako. Lakini ghala nalo litafungiwa mwezi mzima. Hapa mko thelathini na wawili. Na malipo ya muhula yanatoka Alhamisi."

Hakuhitaji kumaliza. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa ada ya mtihani. Nkwimba alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha tiba ya mifugo, wa tatu darasani kwa alama, na hakuna aliyemlipia ila mikono yake. Bibi yake, Holo, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, alikuwa ameshauza vya kuuza. Bibi huyo huyo ndiye aliyemfundisha kwamba maji hupelekwa kwa mtu mzima kwa mikono miwili na goti chini. Alimfundisha vizuri kiasi kwamba sasa mabingwa wa mashine wa Ulaya walikuwa wakiumiza vichwa.

"Tulifunge," alisema Sayi.

"Tufunge nini?"

"Goti."

Wakatafuta. Katika kona palikuwa na rula ya mbao ya urefu wa mita moja, iliyobaki tangu zama za pamba, walipokuwa wakipimia marobota. Waliilaza nyuma ya mguu wa Nkwimba, kutoka pajani hadi kwenye kifundo, wakaizungushia kanga ya Sayi mara tano na kupiga fundo. Nkwimba akajaribu kutembea.

"Kama ng'ombe aliyechomwa sindano vibaya," alisema mwenyewe, kwa utaalamu.

"Na shingo je?" aliuliza Mzee Luhende.

"Atafumba macho," alisema Sayi. "Kufumba macho hakuna hitilafu."

*

Jumatano asubuhi Nkwimba aliingia katika nyumba ya Bi Helmi na mguu uliokakamaa kama mchi.

Aliipenda nyumba ile. Ilikuwa na madirisha mapana, na nje yake mwanga uliotua juu ya theluji ulikuwa mweupe kama unga uliochekechwa. Bi Helmi alikuwa na miaka tisini na moja. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mhandisi wa winchi za bandarini, na mpaka leo alitembea huku akitazama juu, kana kwamba kitu kizito kinaning'inia. Asubuhi alizunguka bila meno yake ya bandia, akiimba nyimbo ambazo hakuzipatia hata kidogo. Wakati mwingine alimwambia mtambo mambo ambayo mtu huyasema anapojua yuko peke yake. Alisema kwamba marehemu mumewe alikuwa mchoyo wa siagi, na kwamba anaogopa kuanguka bafuni kuliko anavyoogopa kufa.

Maneno yake yalipita kwa mkalimani, programu iliyoyageuza Kiswahili sikioni mwa Nkwimba kwa sauti kavu ya msoma taarifa ya habari.

Nkwimba alimimina chai. Akaishika kwa mikono miwili, akamwendea, akasimama wima. Rula ilimchoma nyuma ya paja, lakini goti halikuthubutu. Akabonyeza namba kumi na mbili.

Bi Helmi hakupokea kikombe mara moja. Aliutazama mguu wa mtambo.

"Wamekutengeneza," alisema. "Pole sana."

Akapokea, akanywa kidogo, akaweka kikombe mezani.

"Nitakuambia kitu. Mashine nimezijua kabla wewe hujachorwa. Mashine ikikosea hutupa, huvunja au hukwama. Haikosei kwa adabu." Alinyoosha kidole kilichopinda. "Goti lako lilikunjika kila uliponipa kitu mimi. Juzi fundi alipokuomba bisibisi, ulimpa ukiwa umesimama kama mlingoti."

Nkwimba alihisi joto likimpanda usoni. Fundi yule alikuwa kijana wa rika lake, tena mwenye kutafuna ubani. Angempigia goti la nini?

"Nikivaa nguo, ulikuwa unageukia ukuta. Ukuta ule hauna kitu. Leo hukugeuka, lakini nilipotoka chumbani ulijigonga kwenye kabati, kama mtu aliyefumba macho." Bi Helmi aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Mimi hupita mbele yako bila meno na bila gauni. Nimekueleza habari za siagi. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza, na nauliza mara moja tu. Wewe ni mtu?"

Sauti ya mkalimani haikuwa na uzito wowote. Ilisema "wewe ni mtu" kama inavyosema "leo kuna mawingu." Katika kona ya miwani, tarakimu nyekundu zilianza kuhesabu. Mfanyakazi alipewa sekunde kumi za kujibu swali hilo.

Kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye namba saba. Kilikuwa kimeshafanya hivyo kwa wateja wengine mara mbili, bila shida.

Tisa. Nane.

Alifikiria mtihani wa Jumatatu ijayo, viungo na mifupa, somo analolimudu kuliko yote. Alimfikiria Sayi na wale thelathini wengine, ambao hawakuwa na nafasi ya kuulizwa maoni yao katika sekunde saba zilizobaki.

Sita.

Kisha akamwona bibi Holo, nyumbani, akijifunga kanga asubuhi huku akisemezana na nafsi yake, na kwenye kona ya chumba kitu kikimtazama ambacho kimeapa kwamba hakina macho.

Nne. Tatu.

Nkwimba aliondoa kidole.

Namba zilikwisha. Mahali fulani ghalani kengele ilianza kulia. Hakuijali. Aliinama na kuanza kufungua fundo la kanga.

Basi Bi Helmi akashuhudia jambo ambalo hakuna mhandisi aliyewahi kuliona. Mtambo wake uliinama, ukashika hewa iliyokuwa kwenye paja lake la chuma, ukahangaika na fundo ambalo halikuwepo. Ukazungusha mikono mara tano kuuzunguka mguu. Ukavuta kitu kirefu kisichoonekana, ukakiweka kando kwa uangalifu. Halafu ukapiga magoti yote mawili mbele ya kiti chake, ukainamisha kichwa.

Bi Helmi aliinuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Nkwimba alibaki magotini. Alidhani amemwudhi. Alisikia droo zikifunguliwa na kufungwa, na maji yakimwagika. Mlango ulipofunguliwa, Bi Helmi alikuwa amevaa gauni la buluu lenye kola ya kufumwa na viatu vya ngozi. Nywele alikuwa amezichana. Meno yote yalikuwa mahali pake, na alikuwa akiyaonyesha.

"Sasa," alisema, "tuanze upya."

Hapo picha ikakatika.

*

"Hitilafu ya sauti," alisoma Mzee Luhende. "Mtambo haukujibu swali la lazima. Akaunti imesimamishwa. Fundi atakwenda kesho asubuhi. Akikuta mtambo ni mzima, kosa ni la mfanyakazi, na kituo kitafungwa."

Aliwaita wote. Walikusanyika katikati ya ghala wakiwa na makoti yao ya kazi. Nkwimba aliwaeleza mwenyewe, amesimama, kanga ya Sayi ikiwa bado mkononi. Hakupunguza kitu. Alisema aliwafikiria, na baada ya kuwafikiria aliamua hivyo hivyo, na kama ghala litafungwa wamlaumu yeye.

"Ungebonyeza tu saba, dada," alisema Ng'hambi, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa na mke na mtoto mchanga. "Saba moja. Inakugharimu nini?"

"Angekuwa bibi yako je?"

"Bibi yangu angepata wapi hela ya mtambo?"

Watu wakacheka, na Ng'hambi mwenyewe akacheka, ingawa si sana.

"Mimi nilibonyeza mwaka jana," alisema Sayi. "Mtoto alikuja bustanini akaniuliza kama nina njaa. Nikamjibu mimi ni mtambo wa nyumbani. Alikuwa ameniletea biskuti. Akaiweka juu ya mashine, akaondoka." Alivuta vidole vya glavu yake. "Ile biskuti imenisumbua kuliko mtihani wa hesabu."

Wengine walitazama glavu zao.

"Basi," alisema Mzee Luhende. "Wakifunga, wamefunga. Ghala hili nilikuwa nalo kabla ya Nadhifu. Panya watafurahi kurudi." Alimgeukia Nkwimba. "Na wewe nenda kasome. Ada ipo au haipo, mifupa ya ng'ombe haibadiliki."

Nkwimba alikwenda kusoma. Alisoma Jumatano yote mpaka jua likazama, na Alhamisi akaamka akasoma tena. Kila alipofika kwenye ukurasa wa goti alifunga kitabu, akatembea kidogo uani, akarudi.

Saa nane mchana Sayi alikuja mbio, na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshaanza kuongea. "Njoo. Mzee kakataa kutusomea mpaka uje. Na leo ana miwani."

Ghala lilikuwa limejaa. Mzee Luhende alikuwa amepanda juu ya robota la zamani kama mtu anayetaka kuhutubia mkutano, na miwani ya kusomea ilikuwa kweli puani kwake.

"Taarifa ya fundi," alisoma. "Nimekuta mtambo ni mzima."

Mtu fulani aliguna.

"Tulieni, haijaisha. Mteja amenikataza kugusa shingo. Mteja ameomba fomu ya matakwa maalumu, ambayo sijawahi kuona mteja akiiomba, akaijaza mwenyewe kwa wino. Anaandika hivi. Goti likunjike. Shingo igeuke. Na nikiuliza swali ambalo jibu lake ni uongo, mtambo unyamaze. Haya yote nimeyataka mimi. Kwa kanuni ya Nadhifu namba arobaini, jambo alilolitaka mteja si hitilafu. Ninafunga taarifa. Hakuna kosa."

Makelele yaliyofuata yaliwatoa njiwa kwenye mapaa. Mzee Luhende aliinua mkono.

"Kuna nyongeza. Fundi anaandika: bibi aliniuliza aliye ndani anaitwa nani. Nikamwambia ni mtambo wa nyumbani. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha na mimi kusema hivyo." Akavua miwani. "Malipo yametoka kwa wote, na akaunti ya Nkwimba imefunguliwa. Ng'hambi, acha kunibeba, nitaanguka."

*

Ijumaa asubuhi Nkwimba alilipa ada ya mtihani, akaweka risiti ndani ya kitabu kwenye ukurasa wa goti, kisha akaenda ghalani. Alivaa koti. Mguu ulikuwa mwepesi ajabu bila rula.

Bi Helmi alikuwa mezani, gauni la buluu, meno, viatu. Safari hii kulikuwa na vikombe viwili, kimoja mbele yake na kimoja mbele ya kiti kilicho wazi. Kando palikuwa na karatasi iliyojaa mwandiko wake wa kihandisi, herufi zilizosimama sawasawa, moja chini ya nyingine, na penseli iliyochongwa.

Hakueleza kitu. Alikaa kwa utulivu, kama mtu anayesubiri winchi ianze kuvuta.

Nkwimba alimimina chai. Akaishika kwa mikono miwili, akamwendea, akapiga goti.

Bi Helmi aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtambo, akasoma neno la kwanza kwenye karatasi. Lilikuwa la lugha ambayo Nkwimba hakuijua. Mkalimani hakuijua pia. Bi Helmi alitazama mikono ya mtambo, akaona haikutikisika, akalikata neno lile kwa mstari mmoja. Akasoma la pili. Akalikata. La tatu lilikuwa refu na alilisoma vibaya, akalirudia, akalikata nalo.

Ndipo Nkwimba alipoelewa. Kwa siku mbili bibi huyu alikuwa ametafuta duniani kote mahali ambapo kijana humpigia goti mtu mzima, na jibu gani mtu mzima hutoa. Alikuwa ameyaandika yote, na sasa alikuwa akiyajaribu moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama unavyojaribiwa mzigo.

"Marahaba," alisema Bi Helmi.

Mkalimani alikaa kimya. Hapakuwa na cha kutafsiri.

Neno lilikuwa limepinda, ha yake ilikuwa nzito mno, na Nkwimba hakuwahi kulisikia likisemwa vizuri kuliko hapo. Chai ilimwagika kwenye kisahani. Alijifuta machozi kwa mgongo wa glavu, na kule kaskazini mtambo ukajifuta shavu lililokuwa kavu.

Bi Helmi alichukua penseli, akaweka alama ya vyema.